Frasila Mbili Begani, Kilo Mia na Hamsini Juu ya Paa

Mpagazi wa Kinyamwezi aliyeondoka Unyanyembe kuelekea pwani, katikati ya karne ya 19, hakukubali kubebeshwa kila alichopewa. Mzigo wake wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na ushee, na juu ya hapo aliongeza mkeka wake, chungu chake na posho ya njiani. Wageni walioandika habari za misafara hiyo wamejaza kurasa nyingi kwa malalamiko juu ya ubishi wa asubuhi: nani abebe nini, nani amepunjwa, nani amepewa furushi lisilobebeka. Walichokiita ubishi kilikuwa, kwa sehemu kubwa, hesabu. Kutoka Ujiji hadi Bagamoyo ni kilomita zipatazo 1,200, na aliyekosea hesabu asubuhi ya kwanza aliilipa kwa mgongo wake kila siku iliyofuata.

Hesabu hiyo haikuishia kwenye kilo. Mzigo uliogawanyika ulifungwa kwenye mzega, mti mmoja uliolala begani ukiwa na furushi kila ncha. Upande mmoja ulipovuta, mchukuzi hakupunguza kitu, alisogeza tu mti kidogo juu ya bega lake. Nguo zilikazwa zikawa mtumba, neno ambalo sokoni leo lina maana nyingine lakini halijaenda mbali na asili yake. Wanyamwezi walipenda kubeba begani, watu wa pwani kichwani, na kila upande uliamini kuwa mwenzake anajitesa. Mgonjwa naye alibebwa kwa machela. Richard Burton, Mwingereza aliyefika Tabora mwezi Novemba 1857, aliishiwa nguvu za miguu Januari 1858 akiwa njiani kuelekea Ujiji, na ikabidi abebwe.

Machela huning'inia chini ya mabega ya wachukuzi wake. Kitu kinachoning'inia chini ya kishikizo chake kikiyumba hurudi mahali pake, ilhali kilichosimamishwa juu ya kishikizo chake kikiyumba mno huanguka. Tofauti hiyo ndogo ndiyo tunayotaka kuizungumzia katika makala haya, kwa sababu njia ya misafara ingali na wasafiri, mizigo na wagonjwa, ila bega limekuwa gari.

Simama alfajiri mahali ambapo magari madogo ya abiria hupakia kuelekea Sikonge, Urambo au Kaliua. Utayaona yale ambayo watu wa kanda hii huyaita michomoko: magari ya familia yaliyotengenezwa Japani kwa ajili ya watu watano hadi wanane, yakiwa yamekwisha kumtumikia mmiliki wa kwanza kwenye barabara laini kabla ya kuvuka bahari. Ndani wameketi watu zaidi ya viti. Juu ya paa, kwenye keria iliyochomelewa na fundi wa mtaani, yamepangwa madumu ya asali, magunia ya mkaa au ya mahindi, baiskeli, matenga ya kuku, na pengine godoro. Chini, kati ya springi na bodi, fundi ameweka spesa, vipande vya mpira au chuma vinavyoliinua gari ili lisikwaruze tumbo kwenye mashimo. Kila badiliko lina sababu yake na hakuna lililofanywa kwa ujinga. Mwenye gari anajua bei ya mafuta, anajua hali ya barabara ya kijijini kwake, na anajua kwamba safari isiyo na mzigo wa paani huenda isimwachie kitu.

Jambo linaloifanya taaluma ya afya iingilie mazungumzo ya gereji ni kwamba gari hilohilo, usiku, huwa gari la wagonjwa. Katika mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, mjamzito au mama aliyejifungua akipata dharura, simu hupigwa bure kwa namba 115. Penye gari la wagonjwa hutumwa hilo, na pasipo nalo hutumwa dereva wa jamii mwenye gari la kawaida, ambaye hulipwa nauli yake na mpango. Huo ni utaratibu wenye akili. Na hata nje ya mpango wowote, mtu aliyeanguka kutoka kwenye mti wa mizinga, mtoto mwenye degedege, mzee aliyepooza upande mmoja, wote hufika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Kitete au Hospitali ya Nkinga kwa gari la jirani. Hivyo swali la namna gari lilivyopakiwa na lilivyobadilishwa ni swali la tiba.

Tuanze na kitovu cha uzito. Kila gari lina nukta moja ambayo, kwa hesabu, uzito wake wote huweza kuchukuliwa kuwa umekusanyika hapo. Gari linapokata kona, tairi zinashikilia barabara huku uzito wa gari ukitaka kuendelea mbele moja kwa moja. Mvutano huo huligeuza gari kama mkono unaosukuma kabati: ukisukuma kabati chini karibu na miguu, linateleza, ukilisukuma juu karibu na kichwa, linapinduka. Wahandisi hupima tabia hii kwa uwiano mwepesi sana, nusu ya upana kati ya tairi za kushoto na za kulia, ikigawanywa kwa kimo cha kitovu cha uzito kutoka ardhini. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, iliyotumia uwiano huu kuyapanga magari kwa nyota, ilikadiria kwamba gari lenye uwiano wa 1.45 au zaidi, likipata ajali ya peke yake, lina uwezekano wa kupinduka usiofika asilimia 10, lenye 1.04 au pungufu, zaidi ya asilimia 40.

Sasa tupige hesabu ya gari la mfano, lisilo la mtu yeyote. Pamoja na dereva lina kilo 1,400, upana kati ya tairi ni mita 1.46, na kitovu chake kiko sentimita 60 juu ya ardhi. Uwiano wake ni 1.22, si mbaya kwa gari la aina hiyo. Fundi anaweka spesa, gari linapanda sentimita 5, na uwiano unashuka hadi 1.12. Kisha zinapandishwa kilo 150 kwenye keria, mita 2 kutoka ardhini. Kitovu kinapanda hadi sentimita 78 na uwiano unakuwa 0.94.

Lakini chukua kilo hizo hizo 150, zishushe kutoka kwenye keria, uzilaze sakafuni katikati ya gari, kimo cha sentimita 55. Uwiano unarudi hadi 1.14, yaani juu kidogo ya ulivyokuwa kabla ya kupakia chochote. Mzigo ni uleule na jumla ya uzito ni ileile, lakini katika hali ya kwanza ni adui na katika ya pili hauna madhara kwa upande huu. Tunaposema kwamba gari limezidishiwa mzigo, mara nyingi tunahesabu kilo na kusahau kuuliza zimekaa wapi.

Namba 0.94 ina maana ya pekee. Tairi nzima juu ya lami kavu hushika kwa nguvu inayofikia kati ya asilimia 70 na 90 ya uzito iliobeba. Gari lenye uwiano mkubwa kuliko ushikaji huo, likizidiwa kwenye kona, litateleza kwanza. Dereva atasikia tairi zikilia na atakuwa na nafasi ya kupunguza mwendo. Gari ambalo uwiano wake umeshuka karibu na ushikaji wa tairi, na ambalo bodi yake huegemea nje ya kona kwa sababu shokapu zimechoka, laweza kuinua tairi kabla halijateleza, tena bila kutoa onyo lolote. Zaidi ya hayo, magari mengi yanayopinduka huanzia kwenye kikwazo: tairi inatoka ukingoni mwa lami, inazama kwenye mchanga, inakwama, na sehemu ya juu inaendelea na safari. Barabara zinazopita katika miombo ya Tabora zina mchanga wa aina hiyo pembeni kwa mwendo wa kilomita nyingi.

Kukwepa ghafla ndiko kunakojaribu gari kuliko kitu kingine. Mwezi Oktoba 1997 waandishi wa gazeti la magari la Uswidi, Teknikens Värld, walilifanyia gari jipya la Mercedes-Benz A-Class jaribio la kukwepa mnyama aliyejitokeza barabarani: usukani kushoto, kisha haraka kulia. Gari lilipinduka kwa mwendo wa kama kilomita 60 kwa saa. Kampuni ilisimamisha kwa muda kuwapelekea wateja gari hilo, ikabadilisha mfumo wa springi na kuweka kifaa cha kielektroniki cha kulidhibiti gari lisiyumbe. Lilikuwa gari jipya, lenye wahandisi nyuma yake, kwenye uwanja wa lami. Katika mkoa wenye ng'ombe wengi kama wetu, jaribio kama hilo hufanywa kila jioni bila waandishi, na gari linalofanyiwa limeinuliwa na fundi na kupakiwa na utingo.

Kwa nini basi magari haya hayakupinduka kila siku katika miaka iliyopita? Jibu langu, na ninalitoa kama maoni yangu, ni kwamba barabara mbovu iliwalinda. Spesa ziliwekwa kwa ajili ya barabara ya mashimo, ambako mwendo haukuweza kuzidi kilomita 40. Leo lami imefika Nzega, imeshuka Sikonge hadi Mpanda, imekwenda mashariki kupitia Itigi hadi Manyoni. Ni neema kubwa. Safari iliyokula siku sasa inakula saa. Lakini gari limebaki na umbo la barabara ya jana. Nguvu inayolisukuma gari nje ya kona hukua kwa mraba wa mwendo: anayetoka kilomita 40 kwenda 80 hajaiongeza mara mbili bali mara nne, na anayefika 100 ameizidisha mara sita na zaidi. Lami ikija, jambo la kwanza la kufanya gereji lingekuwa kuziondoa spesa. Sijaona anayefanya hivyo, maana kutoka lami hadi nyumbani bado kuna vumbi.

Hadi hapa tumezungumzia kupanda juu. Kuna pia kurudi nyuma. Mzigo uliowekwa nyuma ya ekseli ya nyuma hufanya kazi kama mtoto aliyekaa ncha ya bembea ya ubao: unashusha nyuma na kuinua mbele. Kilo 100 zilizowekwa mita moja nyuma ya ekseli hiyo, katika gari ambalo umbali kati ya ekseli zake mbili ni mita 2.6, huongeza kilo 138 kwenye tairi za nyuma na kuziondolea tairi za mbele kilo 38. Dereva hulihisi hilo kama usukani uliokuwa mwepesi, na wengine huufurahia. Wepesi huo ni tairi za mbele zikiaga barabara: zinageuka lakini gari linachelewa kutii, na breki za mbele, ambazo ndizo zenye kazi kubwa wakati wa kusimama, zinapoteza uzito wa kushikia. Taa nazo zinaelekea juu. Zinamulika matawi ya miti na macho ya dereva anayekuja, huku mita 30 za barabara mbele ya gari zikibaki gizani. Mwenye mzega angesogeza mti begani. Katika gari, kinachosogezwa ni gunia, kuelekea mbele hadi nyuma ya viti vya kati.

Watu ni mzigo pia, tena mzigo unaokaa juu kuliko magunia ya sakafuni na unaojisogeza wenyewe. Uchunguzi wa ajali za vibasi vya watu 15 uliotolewa na mamlaka hiyo ya Marekani mwaka 2001 ulionyesha kwamba kibasi chenye watu 10 au zaidi, kikipata ajali ya peke yake, kilipinduka karibu mara tatu zaidi ya kilichobeba watu wachache. Havikuwa vimezidisha abiria. Vilikuwa vimejaa tu kama vilivyoruhusiwa, na kujaa huko kulipandisha kitovu na kukisogeza nyuma.

Gari linalolala chali kwa nyuma humtuma mwenyewe kwa fundi, na fundi humwongezea springi. Hapa pana kosa ambalo ni rahisi kulieleza lakini gumu kulitokomeza. Springi ya nyongeza huondoa dalili tu na kuuacha ugonjwa pale pale. Ni dawa ya maumivu kwa mtu mwenye kidole tumbo. Gari linasimama wima tena, linapendeza, na mwenyewe anaamini uwezo wake umeongezeka, kumbe ekseli ni ileile, breki ni zilezile, tairi ni zilezile, na chasisi ni ileile. Kibaya zaidi, nyuma iliyokazwa kuliko mbele hufanya tairi ya nyuma iliyo upande wa nje ielemewe zaidi kwenye kona, hivyo mkia huwa wepesi kuponyoka. Na siku gari linaporudi tupu, springi hizo ngumu hulirusha kwenye vijituta vya barabara ya vumbi kiasi kwamba tairi zinagusa ardhi na kuiacha, zinagusa na kuiacha. Kwenye barabara ya namna hiyo, gari tupu lililokazwa springi laweza kuwa hatari kuliko lililojaa.

Tairi lenyewe husema linaweza kubeba nini, ila kwa sauti ndogo. Ubavuni, baada ya vipimo vya ukubwa, kuna namba ya tarakimu mbili au tatu. Namba 88 ina maana ya kilo 560 kwa tairi moja. 91 ni kilo 615. Tairi nne za 88 haziwezi kubeba gari na vilivyomo zaidi ya kilo 2,240, hata fundi aweke springi za lori. Tena kiwango hicho ni cha tairi iliyojaa upepo unaotakiwa. Tairi yenye upepo pungufu hujikunja kila mzunguko, hupata joto ndani ya nyuzi zake, na katika jua la Septemba au Oktoba la Unyamwezi, baada ya saa moja ya mwendo mkali chini ya mzigo, hupasuka. Tarakimu nne za mwisho karibu na herufi DOT ni juma na mwaka wa kutengenezwa. Tairi iliyoandikwa 1409 ilitengenezwa juma la 14 la mwaka 2009. Kashata zake zaweza kuwa ndefu, lakini mpira umezeeka.

Breki nitazipitia haraka, kwani madereva wa njia hii wanazijua: anayekwenda Nzega kutoka Singida hukutana na mteremko wa Sekenke, na Sekenke hufundisha kuliko mwalimu yeyote. Itoshe kusema kwamba joto ambalo breki zinapaswa kulimeza hukua sambamba na uzito na kwa mraba wa mwendo. Anayeongeza robo ya uzito na kutoka kilomita 80 hadi 100 ameziongezea breki zilezile kazi karibu mara mbili.

Msomaji atauliza: mizani ya barabarani iko wapi katika haya yote? Mizani ipo, nayo inafanya kazi yake, lakini kazi hiyo ni nyingine. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, inayoweka ukomo wa tani 56 kwa gari zima la mizigo, huyahusu magari makubwa, yale yanayoanzia tani tatu na nusu. Lengo lake kubwa ni kuilinda lami: majaribio yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba ekseli iliyozidishiwa uzito mara mbili huiharibu barabara takriban mara kumi na sita. Mchomoko hauiumizi lami, kwa hiyo hakuna anayeupima. Na hata ungepimwa, mizani ingesoma kilo, isingesoma kimo. Kilo 150 za paani na kilo 150 za sakafuni ni namba moja kwenye karatasi.

Gari la wagonjwa lenyewe halijaepuka mambo haya. Mengi nchini ni Land Cruiser, zile ambazo madereva huziita mkonga kwa ajili ya bomba la hewa lililopanda ubavuni. Ni gari imara, lakini lilizaliwa refu. Kisha huongezewa kabati za dawa, kitanda, taa za paani, na katika baadhi ya matoleo paa lililoinuliwa ili mhudumu aweze kusimama. Niliwahi kumsindikiza mgonjwa usiku nikiwa nimekaa kwenye benchi la pembeni bila mkanda, mtungi wa oksijeni ukiwa umesimamishwa karibu na goti langu na kufungwa kwa bendeji ya gozi. Nilikuwa nikiutazama mstari wa maji ya mshipani na wala sikuutazama mtungi. Miaka kadhaa baadaye nilipiga hesabu: mtungi wa kilo 15 katika gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa, gari likisimama ghafla, hupiga kitu kilicho mbele yake kwa nguvu sawa na ile ya kuudondosha kutoka mita 14, kimo cha jengo la ghorofa nne. Mbele yake kilikuwepo kichwa cha mgonjwa.

Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa kila mwaka barabarani duniani, na kwamba hiki ndicho kisababishi kikuu cha vifo vya walio na umri wa miaka 5 hadi 29. Gari linapopinduka, madhara yana sura yake. Asiyefunga mkanda hurushwa juu, kichwa hukutana na paa linaloshuka, na shingo hubeba uzito wa mwili wote. Au hutupwa nje ya dirisha, kisha gari humlalia. Mkanda waweza kupunguza hatari ya kifo kwa hadi nusu, lakini mchomoko wenye watu kumi na wawili kwenye viti saba hauna mikanda kumi na miwili. Wanaofika kusaidia, kwa huruma, humshika majeruhi kwapa na miguu na kumkunja ili aingie kwenye gari jingine. Shingo iliyovunjika bila kukata uti wa mgongo huweza kukatwa uti wakati huo. Kama gari haliwaki moto, mwache alale alivyo, mtu mmoja ashike kichwa chake kisigeuke, hadi wapatikane watu wa kutosha wa kumwinua kama gogo moja, juu ya ubao au mlango.

Kwa mjamzito kuna la ziada. Mkanda wa chini upite chini ya tumbo, juu ya mifupa ya nyonga, na wa juu upite kati ya matiti, usikatize tumbo. Kama lazima alale, alalie ubavu wa kushoto, ili mji wa mimba usikandamize mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Na akipata ajali hata ndogo, gari likatikiswa tu na yeye akainuka akasema hana maumivu, apelekwe kupimwa: kondo la nyuma laweza kuachia bila jeraha lolote kuonekana nje.

Tunajua pingamizi. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili, na nani atamwambia mumewe asubiri wakati dereva anashusha magunia ya mkaa? Ndugu nao wana sababu ya kupanda wengi. Hospitalini watatakiwa wachangie damu, mmoja atalala na mgonjwa, mwingine atapika. Hivyo hupanda sita na sufuria zao na godoro paani, na dereva hukanyaga mafuta kwa sababu ya dharura. Ndivyo gari la mfano wetu, lenye uwiano wa 0.94, linavyopewa mwendo wa kilomita 110 usiku, taa zikimulika matawi. Urambo hadi Tabora ni kilomita kama 90. Kwa mwendo wa 80 unafika kwa saa moja na dakika nane. Kwa mwendo wa 110, ukiweza kuushikilia njia nzima, kwa dakika 49. Dakika kumi na tisa si chache kwa anayevuja damu, na sitaki kuzidharau. Lakini zinapatikana kwa usalama zaidi kabla ya gari kuondoka: kwa simu iliyopigwa mapema, kwa ndugu mmoja tu kupanda na wachangia damu kufuata kwa chombo kingine, na kwa gari ambalo halikuhitaji kushushwa mzigo kwa sababu halikulala nao.

Kwa hiyo dereva aliyekubali kuitwa usiku aandae gari lake jioni. Magunia ya kesho yalale stoo, si juu ya keria. Keria yenyewe, kama inafungwa kwa nati, ifunguliwe. Kiti cha mbele cha abiria kilazwe mara moja kuhakikisha kinalala. Upepo wa tairi upimwe wakati gari limepoa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Na godoro, likihitajika, liwekwe ndani, sakafuni, nyuma ya kiti.